Koki za Siku Hizi na Ukuta wa Bi Zuhura

Nimeacha kazi kwa sababu ya magoti. Ufundi bomba ni kazi ya kupiga magoti chini ya sinki za watu, na magoti yangu yamekataa kuendelea. Macho bado yapo, mikono ipo, na mdomo, kama anavyosema mke wangu, ndio kwanza umeanza kazi. Nyinyi mafundi vijana mliniomba kwenye kundi letu la simu niwaandikie ninayoyakumbuka. Kuandika kwa kidole gumba siwezi, kwa hiyo nimekaa barazani kwangu hapa Ng'ambo na kalamu, na binti yangu atayachapa. Anayetafuta habari za utajiri humu asipoteze muda wake.

Nilianza kwa Mzee Feruzi. Yeye alikuwa fundi wa mabomba ya reli enzi za injini za moshi, wakati treni haisogei mpaka inyweshwe maji kama ng'ombe, na alipostaafu akafungua kibanda chake si mbali na soko. Siku yangu ya kwanza hakunipa spana. Alinipa koki mbili, moja kila mkono, akaniambia nizishike mpaka atakaporudi kutoka msikitini. Nikakaa nimezishika, wapita njia wananiangalia.

Aliporudi akaniuliza, "Ipi nzito?"

Nikamwonyesha ya mkono wa kulia.

"Na ipi nzuri?"

Nikamwonyesha ileile. Akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Hiyo nzito ni chuma kimepakwa rangi ya kung'aa. Mwaka hauishi itakuwa na kutu. Hii nyingine ndiyo shaba. Uzito unakuambia nusu ya habari, mwanangu. Nusu iliyobaki igonge, halafu ikwaruze."

Basi akanifundisha kugonga koki kwa mpini wa bisibisi na kusikiliza, na kuikwaruza kwa tupa mahali pasipoonekana, uone kama chini ya ule mng'aro kuna njano ya shaba au weupe wa kitu kisicho na jina. Wenye maduka hawakumpenda kwa sababu ya hiyo tupa. Mmoja alikuwa akimwona tu anavuka barabara, anaanza kuondoa koki mezani.

Siku zile hatukujua tepu nyeupe. Tulifunga maungio kwa katani. Tulizichana nyuzi wenyewe, tukazizungusha kwenye meno ya bomba kwa kufuata upande wa kukazia, tukapaka rangi nzito juu yake, na ungio likishakauka, anayetaka kulifungua ajiandae kutoa jasho. Kile kiduara cha ndani ya koki, washa, tulikikata kwa ngozi. Mzee Feruzi aliokota vipande kwa washona viatu, akavilaza kwenye mafuta, halafu akavikata kwa kipande cha bomba alichokinoa ncha. Nilimwuliza kwa nini asinunue washa za mpira, zimejaa dukani. Akasema, "Ule mpira anaujua aliyeutengeneza. Hii ngozi naijua mimi."

Na kulikuwa na katazo moja ambalo halikuwa na mjadala. Nyumba nyingi za zamani za Ng'ambo, mnazijua, ni tofali mbichi za udongo, nje zimevikwa saruji zikapendeza. Humo bomba halifichwi ukutani. Linapita nje, kila mtu analiona, hata kama mwenye nyumba analalamika kwamba linaharibu sura. Bomba la nje likivuja utalowa miguu. La ndani likivuja, ukuta unakunywa kimyakimya, na saruji ya nje inaendelea kukuchekea wakati ndani pameshakuwa uji.

Kazi iliyonifungua macho kuhusu vifaa niliifanya Lusu, kule Nzega, mimi nikiwa tayari najitegemea. Kulikuwa na pampu ya mkono ya kijiji, ambayo kila baada ya mavuno iligoma. Kila mara waliagiza mpira mpya wa dukani, unadumu msimu, unakatika. Nilipofika asubuhi mzee mmoja wa pale alikuwa amekaa juu ya ukingo wa kisima, ngozi ya ng'ombe imekunjwa magotini.

"Mwangaluka, fundi." Ndiyo salamu yao ya asubuhi.

"Mwangaluka, baba. Hiyo ngozi ni ya nini?"

"Ya hiyo pampu yako. Huyu ng'ombe nimemlea mwenyewe, hakuwa mvivu."

Nikakata kikombe cha ngozi, kile cha kuvutia maji ndani ya pampu, nikakilaza kwenye mafuta, nikakifunga. Miaka mingi baadaye nilipita Lusu kwa shughuli nyingine, wakaniambia ile pampu haijafunguliwa tangu siku ile, na mzee alishafariki, na wajukuu zake wakipampu wanasema wanamkamua ng'ombe wa babu. Nilicheka nao, kisha nikaenda kusimama peke yangu kidogo.

Mzee Feruzi alipougua kwa muda mrefu tulimwogesha kwa zamu, mimi na wanawe. Siku moja nimemkalisha kwenye kigoda, namsugua mgongo, akainua kidole.

"Sefu, unasikia?"

Nilisikia. Koki ya uani ilikuwa inadondosha.

"Nasikia, mzee."

"Basi usijifanye mgeni."

Nikaiacha sabuni mgongoni kwake, nikaenda kubadilisha washa, nikarudi kummiminia maji. Alikuwa amefumba macho anasikiliza ule ukimya, ametulia. Nilimpenda sana mzee yule, na sikumbuki kama niliwahi kumwambia.

Sasa niseme habari ya vifaa, maana ndiyo mnayouliza kila siku kwenye kundi. Koki hazikuharibika siku moja. Zilianza na kichwa. Kile cha kushika na kuzungusha kikawa plastiki. Tukanung'unika, tukazoea. Kisha meno ya kukazia yakawa mafupi, ukikaza kidogo yanateleza. Kisha ukuta wa koki yenyewe ukawa mwembamba. Washa zikawa kavu kama biskuti. Halafu wakaja wajanja wakagundua kwamba mafundi wanapima kwa mkono, wakaanza kutia uzito kwenye kitu kisicho shaba. Yaani ile nusu ya habari aliyonipa Mzee Feruzi nayo wakainunua. Nikabaki na kugonga na kukwaruza, na siku hizi ukikwaruza unakuta njano kweli, na chini ya hiyo njano kuna weupe. Wamepaka mara mbili.

Lakini nisiwadanganye kwamba zamani kila mtu alioga kwa koki ya shaba. Zamani wengi hawakuwa na koki kabisa. Hivi vifaa rahisi ndivyo vilivyoingiza maji kwenye nyumba za watu wa kawaida, na mama anayenunua kona ya bomba ya bei ya chini hanunui vibaya kwa kupenda, ananunua alicho na uwezo nacho. Hasira yangu haiko kwake.

Tena wakati maji yalikuwa yale ya bwawa la Igombe, yanakuja kwa kusuasua, udhaifu wa vifaa ulijificha. Koki mbovu na maji ya kivivu walielewana. Yalipoletwa maji ya Ziwa Victoria mji mzima ulishangilia, nami nikiwemo, nilijaza hata masufuria. Yalikuja na nguvu zake. Basi ndani ya nyumba zetu kila kilichokuwa dhaifu kikaanza kujitaja. Mwaka ule sikupata kula chakula cha mchana kikiwa cha moto.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa ya Bi Zuhura. Wengi wenu mmekula vitumbua vyake; alikaanga barazani kwake miaka na miaka mpaka alipofiwa na mume, akapunguza, kisha akaacha. Ana mtoto mmoja aliye hai, Jumanne, anauza mitumba Dar es Salaam. Masika moja Bi Zuhura alianguka uani akielekea chooni, akaumia nyonga, tangu hapo anatembea na mkongojo. Jumanne akatuma fedha mama ajengewe bafu na choo ndani ya nyumba. Na akamwambia kwa mapenzi kabisa: "Mama, nyumba hii ikikusumbua tena, nakuja kukuchukua." Maneno hayo ndiyo yaliyomtia hofu.

Mimi sikufanya kazi ile ya bafu. Aliifanya mwenzenu mmoja hodari, nitamwacha bila jina. Jumanne alitaka bafu kama la Dar, mabomba yasionekane, na kijana akayaficha ukutani kama alivyoagizwa, kazi safi, imenyooka.

Bi Zuhura aliniita kupitia jirani. Nikamkuta kwenye korido, anajitahidi kusimama mbele ya ukuta.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, fundi. Karibu. Koki tu inadondosha, angalia upesi uende zako."

Nyuma yake ukutani palikuwa pametundikwa kanga.

"Hii kanga imetundikwa kwa nini?"

"Inapendeza."

"Kanga mbichi hivi, dada?"

Akacheka. Kisha cheko likamponyoka, akakaa kwenye kiti akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Usimwambie Jumanne," akasema. "Nikienda Dar nitakaa chumbani na televisheni mpaka nife. Mwanangu ananipenda, mkewe ananipenda, lakini kule sina mtu. Hapa nikipiga chafya naitikiwa na majirani wa pande zote."

Niliinua kanga, nikabonyeza ukuta kwa kidole gumba. Kidole kikaingia chote. Ukuta ule unabeba paa, na upande wa pili ndipo kilipokuwa kitanda chake. Nikafunga maji kwenye mita, na kabla sijagusa kitu kingine nikamwomba jirani tuhamishe kitanda.

Nilimpigia simu mwenzenu aliyeifanya kazi, akaja mbio. Tuliegemeza paa kwa mirunda, tukauchimba ukuta taratibu, na ndani tukaikuta kona imepasuka kwa urefu, ile njano yake nje, ndani nyeupe, inamung'unyika kama chaki. Akaigeuzageuza kiganjani.

"Mzee Sefu, mimi niliomba ya shaba."

"Najua. Na aliyekuuzia aliomba ya shaba. Na aliyemuuzia yeye pia."

Aliumia, niliona. Nikampa chai, tukaendelea. Tuliondoa udongo wote uliolowa, tukaacha pakauke, tukajenga upya kwa tofali za kuchoma. Kijana hakuondoka mpaka ukuta ukasimama, na mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Kwa bomba jipya tulichukua lile jeusi la kuviringisha, linalopinda lenyewe, ili tusihitaji kona hata moja. Likapita nje ya ukuta, wazi, kwenye urefu wa kiuno cha Bi Zuhura. Sakafu ya bafu tukaiinamisha kuelekea kwenye tundu la maji. Ikabaki habari ya koki na valvu ya kufungia. Nilizunguka maduka na tupa yangu. Koki iliyo nzuri sikuipata. Nilichukua iliyokuwa na afadhali, roho inanisuta.

Kwa valvu sikukubali kushindwa. Nilikaa dukani kwa Habibu nikizifungua na kuzifunga zote kwa kidole kidogo, moja baada ya nyingine.

Habibu akaniangalia kwa muda. "Mzee wangu, unanunua au unacheza?"

"Natafuta valvu inayoweza kufungwa na bibi mwenye mikono dhaifu."

Aliinama chini ya meza, akatoa boksi la zamani lenye vumbi, ndani mna valvu ya mkono mrefu, ya shaba kweli, iliyobaki kwenye shehena ya siku nyingi. Ilikuwa ngumu. Nikaenda nayo nyumbani, nikaitia mafuta, nikaifungua na kuifunga nikisikiliza taarifa ya habari mpaka ikalainika. Mke wangu aliniuliza kama nimeoa valvu.

Nilipoifunga pale koridoni nilimketisha Bi Zuhura, nikamwambia ukweli. "Dada, ile koki itakufa. Siku sijui. Ikifa usimwite mtu kwanza. Fuata hili bomba kwa mkono mpaka hapa, ukifika shusha huu mkono."

Akajaribu. Akajaribu tena, amefumba macho. "Umenifanya fundi uzeeni," akasema, na siku iliyofuata jirani akanihadithia kwamba kila mgeni anaonyeshwa valvu kabla ya kukaribishwa kiti.

Jumanne alikuja bila taarifa. Mtu alikuwa amempigia simu kuhusu paa lililoegemezwa na mirunda, na katika mji huu mtu huyo hakosekani. Nilikuwepo, nimealikwa chai ya jioni. Aliingia na begi, akaikumbatia shingo ya mama yake, kisha akauona ukuta wenye kiraka kibichi cha saruji, na bomba jeusi linalokwenda mbele za watu.

"Shikamoo, Mzee Sefu."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari."

"Mama, ukuta ungekulalia."

"Haukunilalia."

"Ungekulalia ningejiambia nini mimi?" Si mtu mbaya Jumanne, ni mtoto aliyebaki peke yake. Akanigeukia. "Mzee wangu, niambie ukweli. Haitavuja tena?"

Bi Zuhura akanitazama. Najua alichokuwa anakiomba. Na ningeweza kusema, maana wateja wengi hawataki zaidi ya neno hilo moja. Lakini huyu alikuwa anaulizia maisha ya mama yake.

"Itavuja," nikasema. "Koki za siku hizi zote zitavuja. Siku ndiyo siijui."

Bi Zuhura akainamisha uso kwenye kikombe chake. Niliona aibu kama nimemuuza.

"Basi," akasema Jumanne taratibu. "Nimekata tiketi mbili za kesho, mama. Tule, halafu nikusaidie kufunga vitu vyako." Akaingia bafuni kunawa.

Tukasikia mlio mfupi, kisha maji. Alikuwa ameizungusha ile koki kwa nguvu za mtu mwenye hasira na huzuni pamoja, na kichwa cha koki kikamng'okea mkononi. Alisimama ameziba kwa kiganja, maji yanampita katikati ya vidole, shati limemganda. Nami nilitamani ardhi inimeze, maana koki ile niliichagua mimi. Nikaanza kuinuka. Magoti yangu, kama kawaida, yakataka kwanza yafanye mkutano.

"Kaa, fundi," akasema Bi Zuhura. "Chai itapoa."

Akachukua mkongojo wake. Mkono mwingine akauweka juu ya bomba, akalifuata taratibu, hatua kwa hatua, kama anavyofuata ukuta akienda kulala. Alipofika kwenye valvu akaushusha ule mkono wake mrefu. Maji yakakatika.

"Sasa toa kiganja, baba," akamwambia mwanawe. "Umeshalowa vya kutosha."

Jumanne akatoa kiganja. Maji ya sakafuni yalikuwa yanaondoka kwenye tundu lao. Akatoka akaugusa ukuta wa korido, akaingia chumbani kwa mama yake akaugusa upande wa pili. Alirudi akasimama mlangoni, maji yanamdondoka kwenye kidevu.

"Nani amekufundisha?"

"Alikuwepo mtu anayetaka kunipeleka Dar," akasema Bi Zuhura, "ikabidi nijifunze upesi. Koki nyingine ipo kwenye kile kikapu, huyu fundi aliniwekea akiba. Magoti yake mabovu. Wewe mikono unayo, atakuelekeza."

Basi nikamwelekeza. Alipiga magoti na shati lake lililolowa, nikamwonyesha namna ya kuzungusha katani kwa kufuata upande wa kukazia, na mahali pa kuacha kukaza kabla meno hayajateleza. Alifanya polepole, kwa makini, anauliza. Bi Zuhura alisimama nyuma yetu, mkono kwenye valvu, akisubiri aambiwe afungulie. Alipofungulia halikutoka hata tone pasipotakiwa. Hakuna aliyesema neno kuhusu tiketi. Tulikula.

Asubuhi nilikwenda stendi kumuaga, Bi Zuhura akiwa amekaa ndani ya bajaji na mkongojo wake. Jumanne aliingia kwenye basi akaketi dirishani, na kwenye kiti cha pembeni yake akaweka dumu la asali na mfuko wa karanga ambavyo mama aliwapelekea wajukuu. Kondakta akapita akihesabu watu, akaangalia tiketi, akaangalia kile kiti.

"Bro, hii tiketi ya pili, abiria yuko wapi?"

Jumanne akalikumbatia dumu lisianguke, akatazama nje tulipokuwa.

"Yuko nyumbani kwake," akasema.